Vijiko ine vya Papa

Sifa, ukitoka ku masomo usishituke ukikuta kitanda wazi. Nimepeleka papa yako ku hospitali na teksi. Samaki ya sambaza iko ndani ya frigo, ukule bila kuningoja. Ufunge mulango vizuri. Telefone yangu iko karibu kuzima, nitapiga mimi.

Unajua tangu wapasue tumbo lake na kulipunguza, docteri aliruhusu vijiko ine tu vya supu, hata tano hapana. Leo asubuhi ~~aliiba bugali yangu~~ Hapana. Sitamusingizia mugonjwa. Mimi ndiye nilimupa. Alipomaliza supu yake aliangalia sahani yangu, akasema, "Mwamvua, nimesahau kushiba inakuwaka namna gani." Roho ikaniuma. Nikamumegea tonge moja, ya pili, ya tatu. Halafu akashika tumbo, akatapika mpaka damu. Na ni yeye aliniomba musamaha!

Nisaidie, mwanangu. Mungu akimurudisha, wewe ndiye utamupimia chakula. Nikikuomba kumuongeza hata kidogo, unikatalie, hata nikilia mbele yako.

Maman yako