Mayai Yale Hayakuwa ya Leo

Mtani wangu Msukuma,

Hali sikuulizi. Sisi Waislamu tukifukiwa huja malaika Munkari na Nakiri kutuhoji. Wewe Mkristo sijui alikupokea nani, ila najua ulimuuliza kwanza kama huko kuna ng'ombe.

Nakuandikia kwa sababu ya kuku. Kila tetea akitaga hapa kwangu Kisarawe akaanza kelele zake, nakusikia nyuma ya mlango: "Mzaramo, ya leo haya?" Mwaka mzima sasa.

Unakumbuka Mkwe alipougua? Dume lako lile la ng'ombe kule Mkuza, jeusi, lenye dharau kama mkwe kweli. Ulitaka mbegu yake igandishwe kabla hajafa, maana uzao ule haukuwa na dume lingine. Ubishi ukawa juu ya kitu cha kuichanganyia isife kwenye baridi. Wewe uliita kiongezea. Mimi wa darasa la nne niliita uji. Ulikuwa na chupa ya dukani, uji wa soya, hauna cha mnyama ndani. Nikakucheka: "Dume zima ulilaze kwenye maharage? Tia kiini cha yai!"

Ukakubali. "Lakini yawe ya leo, Mzaramo. Yai bovu litaua mbegu yote, na Mkwe hatumpati tena."

Ya leo nilikuwa nimeshayakaanga. Nikapapasa chini ya koo aliyekuwa akiatamia, nikachomoa sita, nikayafuta kwa kanzu. Ukayashika. "Bado ya moto!" Ukanisifu. Lilikuwa joto la mama yao, mtani.

Mkwe akafa wiki ile. Nawe ukamfuata kabla hujafungua hata mrija mmoja wa mbegu. Mazishini ilinipasa mimi mtani wako niingie kaburini nilale, nigome kutoka, niseme marehemu alikuwa mchoyo. Nilisimama kama nguzo. "Mzaramo, leo umekuwaje?" wakauliza ndugu zako. Ningesemaje? Kwamba dume lako nimeliua mara ya pili?

Mwezi juzi akanipigia binti yako Kulwa, fundi wa kupandishia ng'ombe mbegu kama wewe. "Shikamoo, mtani. Nafungua mtungi wa baba wa mbegu, njoo ushuhudie."

"Marahaba, mla michembe ya viazi," nikajibu.

Akauzamisha mrija kwenye maji ya vuguvugu, akaweka tone kwenye hadubini. "Chungulia." Sikutaka. Nikachungulia. Zinaogelea, mtani! Kama viluwiluwi baada ya mvua.

"Hii ya soya?"

"Ya yai. Yote ya yai."

Nikakaa chini, nikamwambia kila kitu. Kulwa akacheka mpaka machozi, akafunua daftari lako. Mwandiko wako ule wa kuku kuparura: *Mayai ya Mzaramo yana damu. Nimempa paka. Nimenunua mengine kwa jirani. Asiambiwe mpaka ndama wa kwanza azaliwe, nataka nimtazame uso.*

Mshenzi wewe. Mwaka mzima!

Kulwa kashampandishia yule mtamba wako mwekundu, na jana kapima, mimba imeshika. Uso wangu huu hapa, njoo uutazame.

Asubuhi hii tetea kataga, kapiga kelele zake. Nikasogea mlangoni kusikiliza. Safari hii hukusema kitu.

Mtani wako,
mwizi wa mayai