Alama ya Wino Mguuni

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka mpaka kope! Kisa? Daktari mgeni. Tangu aje wodini mimi si nesi tena, ni mdomo wake. Lugha yake niliisoma chuoni kwa sababu lile darasa lilikuwa na feni. Haya sasa, ndiyo malipo!

Tunamwita Bwana Nyoofu. Hana salamu huyu mtu. Anafika kitandani, anafunua shuka, anasema lake, anaondoka. Leo kafika kwa mama mshonaji, yule mwenye kisukari na kidonda cha unyayo. Hata "umeamkaje" hakuna. Katoa kalamu ya wino mweusi, kachora mstari kuuzunguka mguu juu kidogo ya kifundo, pale uvimbe unapoishia. Kaandika tarehe, kasema usiguswe, huyoo, kitanda kingine.

Mama kauvutia mguu ndani ya shuka. Wanawe wawili wakatazamana. Nilitaka kusema neno, nikaitwa kwingine.

Jumanne, 4 Machi

Mstari haupo! Bwana Nyoofu akanigeukia mbele ya wagonjwa, mbele ya wafagiaji, mbele ya kila mwenye masikio: nani kafuta? Nilisema usiguswe! Eti kwao kosa husemwa papo hapo likaisha. Kwetu ukisemwa hivyo hadharani watu hudhani umeiba. Masikio yaliniwaka moto.

Kachora upya. Akataka nimuulize mama kama ameelewa. Mama akasema ndiyo, macho chini. Daktari akanung'unika kwamba hawezi kumwamini mtu asiyemtazama. Jamani! Anakuheshimu, baba! Lakini sikumwambia. Nilimwambia kwamba mama amechoka. Na mama nikamwambia daktari anakuombea afya njema — wala hakuomba kitu. Kazi yangu siku hizi ni kutia sukari huku na huku.

Nyumbani nikamsimulia baba watoto. Akaanza, "Wapiganapo tembo—" Nikamkata: nyasi zimechoka, zinataka chai. Akaenda kubandika maji, anacheka peke yake.

Alhamisi, 6 Machi

Mstari umefutwa tena, jana na leo! Bila mstari daktari hajui kama uvimbe unapanda au umesimama. Anashuku manesi. Manesi wananishuku mimi kwa kuwa ndiye ninayeongea naye. Mimi nimshuku nani?

Na juu ya hayo — semina! Matroni kaamuru twende wawili, mimi na daktari. "Mawasiliano Baina ya Tamaduni." Mwezeshaji ana koti la vifungo vya dhahabu, na kila slaidi ina watu wanacheka meno nje. Msidhani kimya ni kukubali. Msidhani desturi yenu ndiyo kipimo. Msiulize "umeelewa?" — mwambieni mtu awaeleze alivyowaelewa. Kumbe! Tungelipwa posho ya kusinzia ningekuwa tajiri. Bwana Nyoofu anaandika kila neno kama mtoto wa mtihani.

Ijumaa, 7 Machi

Kaja na salamu. Mungu wangu. Kazikariri zote na anazitoa kwa pumzi moja: habari za asubuhi habari za nyumbani habari za watoto habari za kazi — hangojei jibu hata la kwanza! Mgonjwa aliyelala fofofo kaulizwa habari za kazi. Mtoto wa miaka minne kapewa shikamoo. Mtoto akaitikia marahaba bila wasiwasi, wodi ikaangua kicheko, na Bwana Nyoofu akafurahi sana.

Mchana nikapita kwa mama mshonaji. Nimemfumania! Kaketi, dodoki mkononi, sabuni imejaa shukani, anasugua mguu wake mwenyewe mpaka ngozi inataka kutoka.

"Mama! Ni wewe?"

Hakukana. Akasema mtu haji na kalamu akakuchorea pa kukata, bila salamu, bila kukuuliza, halafu wewe ukamlindia alama yake. Hivyo ndivyo yeye anavyochora kitambaa. Chaki, kisha mkasi. Wanawe nao walielewa vivyo hivyo. Na cherehani yake ni ya kukanyaga, bila mguu atakula nini?

Nilitaka kulia na kucheka. Siku zote hizi! Na hakuna aliyemuuliza, mimi wa kwanza. Nikamshika mkono. Nikamwambia ule mstari ni wa kupima tu, uvimbe ukipita tujue. Akauondoa mkono wake, akashika dodoki tena. Basi nikaongeza: "Mama, haki ya Mungu, hutakatwa."

Nilipomweleza daktari suala la dodoki alifunga kalamu yake. Kisha akavuta kiti, akaketi kando ya kitanda. Sijawahi kumwona ameketi! Akauliza anashona nini. Sare za shule, mama akasema. Na koti lako hilo limeshonwa vibaya mabegani. Nikatafsiri vilevile. Daktari akacheka, akavua koti ampe alitazame. Kachora mstari upya, mama mwenyewe kamwonyesha pa kuchora.

Nalala na furaha. Kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 9 Machi

Mstari upo. Uvimbe umeupita.

Vidole viwili vimeanza kuwa vyeusi, na homa juu. Bwana Nyoofu kaniambia kwenye korido, nyoofu kama kawaida yake: mguu utoke, chini ya goti, kesho. Ukikaa, utaondoka na mwenyewe. Nikamwambia nilimwapia mama! Akashangaa. Yeye alisema mstari ni wa kupima. Hakusema hatakata. Hilo lingine nililitia mimi, sukari yangu ileile. Nani alinituma?

Na wanawe wananivuta mkono: dada, usimwambie mama, tuambie sisi, mjomba yuko njiani, yeye ndiye atakayesema. Daktari naye: mwenye mguu ndiye mwenye neno, aambiwe yeye, peke yake. Huku wananivuta, kule ananivuta! Mwishowe nikawagombeza wote, daktari na wanawe, kwa lugha mbili. Wakakubaliana: asubuhi, mjomba akiwapo, lakini mama atasikia kila kitu kwa masikio yake.

Chakula nilikirudisha sufuriani. Baba watoto hakuleta methali hata moja.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimesimama stoo ya shuka. Nimewaambia nafuata bendeji. 

Mjomba amefika. Bwana Nyoofu aliketi, akasalimu, akangoja kuitikiwa — aliingoja kila salamu! Akaeleza polepole. Nimetafsiri neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Mguu. Chini ya goti. Leo. Bila hivyo, kifo. Wanawe wakainama. Mjomba akasema yeye hana mguu hapa, dada yake aseme.

Mama hakumjibu daktari. Wala ndugu yake. Akasema, "Huyu simjui. Nakujua wewe, mwanangu. Uliniapia. Leo unasemaje?"

Daktari akaniuliza amesema nini. Nikamwambia ananiuliza mimi. Nilitegemea aseme tafsiri tu, wewe si daktari. Akainuka, akanisogezea kiti chake.

Nami nikakimbilia bendeji! Mtu mzima!

Kazi yangu ni kusema ya wengine. Langu silijui. Nimejaribu hapa kwa sauti ya chini. Mama, nilidanganya — hapana, nilitaka alale tu. Mama, kataa — hapana! Mama, daktari anasema — ameshasema huyo, na mama hakuuliza yeye.

Nasikia wanawe wanaanza kugombana. Bwana Nyoofu anawaambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Tungoje dada." Kajifunza kungoja, na mguu haungoji.

Basi. Ukweli, wote, na wangu. Mama, mguu huu ungekuwa wa mama yangu mzazi, mimi ningemwomba akubali. Naenda kumwambia.