Kahawa ya Sumatra na Gunia Letu

Kitanga, Jumapili

Eti "harufu ya msitu ulionyeshewa mvua." Shemeji Yeremia, mdogo wa mume wangu, kaja toka Dar na kipakiti cha kahawa ya Sumatra, huko Indonesia, na tangu mchana hatupumui. Maji yasitokote. Sukari marufuku. Sisi tunaolima kahawa na kunywa chai, tukakaa kumsikiliza kama wanafunzi.

Kule, akasema, wanaikoboa ikiwa bado na unyevu, ndiyo maana ina ladha ya udongo. Akafumba macho kama anasali.

Mama mkwe alionja, akanifuata jikoni. "Mwanangu, hii si ndiyo ile yetu iliyokataliwa?"

Ndiyo yenyewe! Msimu uliopita mvua ilitushika, tukakoboa kabla haijakauka. Mnunuzi akanusa, akasema inanuka udongo, akaturudishia gunia. Yeremia alitucheka kwenye simu wiki nzima. Gunia bado liko stoo, na sijui tutalipeleka wapi.

Jioni nikakaanga konzi moja ya gunia hilo, nikatwanga, nikamletea kikombe bila sukari, bila neno.

Akafumba macho. "Unaona, shemeji? Sumatra haina mpinzani."