Alfa ya Babu Onchiri

Bitutu, uko? Nimetoka kwa nyanya Orpah sasa hivi. Ni Mogire alimkata babu vidole. Mogire, ndugu yake wa tumbo moja.

Ilikuwa 1974, hapo Mosocho. Babu Onchiri alikuwa na Alfa Romeo nyekundu ya zamani, aliuziwa na Mtaliano mmoja aliyekuwa anajenga barabara. Akaamua kuwapa masista wa nyumba ya mayatima waiuze, wanunulie watoto vitanda.

Asubuhi ya kuipeleka, Mogire akasimama mbele ya gari na panga. "Mimi natembea kwa miguu, na gari unapea watoto wa watu?"

Babu akamwambia, "Toka kwa njia." Akawasha.

Mogire akaja upande wa dereva, panga ya kwanza ikapasua kioo. Ya pili ikashukia mkono ulioshika usukani. Vidole viwili, Bitutu. Nyanya aliviona vikianguka kwa kiti.

Na bado aliendesha. Kwa mkono mmoja, damu imelowesha suruali, mpaka kwa masista. Akawapa ufunguo, akazimia.

Polisi walipomuuliza hospitalini, babu akasema alibanwa na mlango wa gari. Wakaandika hivyo. Mogire, aliyemfuata kwa miguu, alikuwa amesimama kando ya kitanda, shati lote damu ya babu.