Mkono wa Kushoto

Kagarama, Jumapili

Dada Umulisa,

Huku kwetu hatujambo, ila mvua haituachi. Bibi anasema chai yangu haifikii yako.

Muhula uliopita nilisomea anatomia kwenye simu, nimejilaza kitandani, nauzungusha mwili wa picha kwa kidole. Mwili wa simu hauna hata kovu. Sasa tumerudi maabara, wanne kwa meza moja. Tulianza na mikono ya maiti. Uso wa marehemu umefunikwa kitambaa mpaka zamu yake ifike. Mwalimu anasema ndiyo heshima. Marehemu wetu hakuna ndugu aliyekuja kumchukua.

Wenzangu wananicheka, eti kila siku narudia mkono wa kushoto tu. Una kovu la moto, kutoka kiwiko hadi kidole gumba.

Baba mdogo Sangwa hapatikani kwenye simu tangu alipoenda kujenga Masaka. Bibi nimemwambia ana kazi nyingi.

Nimekupigia mara mbili, nikakata kabla hujapokea. Dada, Baba mdogo alipoungua wewe ndiye uliyemfunga bendeji. Ulikuwa mkono gani? Nijibu kabla ya Ijumaa. Ijumaa tunafunua uso.

Mdogo wako,
Gaju