Nilimfundisha Zawadi Kumwogopa Soki

Yaya Kavira, dada yangu mkubwa,

Zawadi amekwenda. Usishtuke, mwanao ni mzima. Yuko Beni kwa baba yake, katika commune ya Ruwenzori, na mwanamke anayempikia uji asubuhi si mimi. Anaitwa Soki. Ni mke mpya wa Kasereka wako. Nimeliandika jina lake kwa shida, kalamu imesimama mara mbili.

Ninakuandikia kwa sababu nimefanya jambo baya, na nimelifanya kwa kutumia cours yako, yale madaftari yako ya masomo. Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Sijui huko uliko habari zinafikaje, lakini nawajua watu wetu wa Bulengera, hawashindwi kuzifikisha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitayarisha masomo jikoni kwetu? Wanafunzi wako wa ualimu, wale wa pédagogie, walikuwa wakikungoja uwafundishe psychologie, na kila kitu ulikijaribu kwangu kwanza. Mimi nimekaa nachagua maharagi, wewe unatembea huku na huku na chaki mkononi bila ubao. "Kanyere, juu ya nini bakiriya banarudiaka kwako?" Nikasema wateja wanarudi kwa sababu ya matabishi, kile kitunguu kimoja ninachowaongezea. "Na unaongezaka kila siku?" Nikasema hapana, siku nyingine ndiyo, siku nyingine sina moyo huo. Ukapiga makofi. "Njo pale! Hajui ni siku gani utamupa, ile njo inamurudisha. Inaitwa renforcement." Kesho yake wanafunzi wako walipita sokoni Kimemi wakanionyesha kidole: "Njo ule wa vitunguu!" Nilicheka nao. Jioni sikula. Wewe ulikuwa mwalimu, mimi nilikuwa mfano.

Sikukuambia ulipokuwa hai, acha nikuambie sasa. Nilikuonea wivu. Wewe ulipelekwa chuo kikuu, mimi nikapelekwa sokoni. Wewe uliolewa na mwanamume mpole, mimi yule wangu alikwenda Lubero kutafuta viazi akapata mke. Na ulipozaa, nilimbeba Zawadi bado ana damu masikioni, nikasema moyoni: huyu angekuwa wangu. Halafu tension, ile damu kupanda, ikakuchukua wewe, kwa siku tatu tu, na Kasereka akaja mlangoni kwangu na mtoto wa miaka mitatu, mfuko wa nguo, na kikombe cha plastiki. Alikuwa anakwenda Beni kununua kakao. "Wiki kidogo tu, Kanyere."

Wiki kidogo zikawa miaka miwili. Zawadi alilala mgongoni mwangu sokoni, akanuka poireaux, vile vitunguu vya majani, kama mimi. Mwanzoni aliniita Mama Mudogo, kama ulivyomfundisha. Siku moja alianguka mbele ya meza yangu, goti likatoka damu, akalia "Mama!" tu, na akanitazama mimi. Sikumsahihisha. Tangu siku hiyo nikawa Mama, na nilipokwenda kwenye kaburi lako Jumapili sikukuambia. Ndiyo maana nilikuwa nakaa muda mfupi. Ulidhani nina kazi nyingi.

Kisha Kasereka akaja na Soki.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya soko. Nilimtazama kuanzia viatu. Safi, wakati sisi wote tuna tope la Butembo mpaka magotini. Nywele ndefu, nzito, zake mwenyewe, amezisuka vizuri na kuzifunga nyuma. Ni mshonaji. Anasali kwa Waprotestanti, nikalishika hilo pia niwe nalo la kumsema. Alikuwa amemshonea Zawadi gauni la njano bila kumpima, kwa kukadiria kutoka kwenye picha ya simu, na lilimkaa kama ngozi yake ya pili. Zawadi akazunguka, akazunguka, mpaka akaanguka akicheka. Nikasema, "Inamubana mu kwapa." Halikumbana popote, Yaya. Nilisema tu.

Walipokuwa wanaondoka, Kasereka alinivuta pembeni. Walikuwa wanaoana. Muhula ujao wa shule ukianza, Zawadi ataenda kuishi nao Beni. "Umemulea muzuri, shemeji. Wasingya." Akanishukuru kwa Kinande, kwa heshima yote, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima kwa jirani.

Sikulala vizuri wiki ile. Nikafungua sanduku lako, nikatoa cours yako ya mwaka wa tatu, ile yenye mwandiko mzuri. Nilitafuta ukurasa wa conditionnement. Ulikuwa umenieleza kwa kuku wetu: nikigonga beseni kabla ya kumwaga mahindi, siku kadhaa baadaye kuku anakuja kwa mlio wa beseni peke yake. Pembeni uliandika kwa kalamu nyekundu: hofu pia hufundishwa hivi hivi. Nikausoma mstari huo mara nyingi.

Unajua nywele za mwanao. Nzito kama zako, na kichwa laini, kinauma upesi. Kwa kawaida nilikuwa nazilowesha, napaka mafuta, nachana kidogo kidogo huku akila ndizi. Nikaacha. Kila Jumamosi Soki alipokuwa anakuja kututembelea, asubuhi nilimkalisha Zawadi kati ya magoti yangu, nywele kavu, nikachukua kichanuo chenye meno membamba, na nikasema: "Tantine Soki anakuja leo." Halafu nikavuta.

Alilia. Nikasema tena jina, nikavuta tena. Mara moja nilimpa na ile dawa chungu ya minyoo, palepale, kabla moto, pikipiki iliyomleta Soki, haijasimama mlangoni. Nilifanya hivyo Jumamosi nne. Ya tano, nilisema jina tu. Kichanuo kilikuwa bado kwenye dirisha. Zawadi akashika kichwa chake.

Nilifurahi. Yaya, nisamehe, sitakudanganya, nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Soki alifika siku ile na biskuti. Mtoto akakimbilia nyuma ya viroba vya vitunguu, akakataa kutoka. Soki akachuchumaa, akaita kwa sauti ndogo, akangoja, akaziweka biskuti sakafuni na kurudi nyuma, kama mtu anayemwita paka. Hakuna. Nikamwona anatazama mikono yake, nguo zake, anatafuta kosa liko wapi. Nikamletea chai. Nikamwambia, "Batoto banajuaka mutu." Akainamisha macho. Chai ile aliinywa yote, bila sukari, sikumpa sukari.

Juma lililofuata alikuja bila mafuta ya kunukia. Juma jingine alikuja amefunga kichwa kwa kitambaa cha foulard, na alipoivua jasho lilipomzidi, nikaona: alikuwa amenyoa. Zile nywele zote. "Nilifikiri pengine nywele yangu njo inamutisha," akasema, akajaribu kucheka. "Anaangaliaka kichwa yangu sana." Nikamwongezea chai. Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na mdomo.

Mwisho Kasereka alichoka. Alikuja peke yake, akakaa kwenye kile kigoda chako, akasema mtoto hawezi kulazimishwa. "Zawadi amekuchagua weye. Abakie Butembo." Nilimpikia sombe siku hiyo, nikaweka mawese mengi. Alipoondoka nilicheza peke yangu jikoni.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunajiandaa kwenda maternelle, kwenye darasa lake la chekechea. Kijani cha poireau kilikuwa kimenata kwenye nywele za Zawadi, juu ya sikio. Nikainua mkono nikitoe. Zawadi akajikunja, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akangoja.

Hakulia, Yaya. Alingoja tu.

Nilibaki na mkono wangu hewani. Cours yako yote nilikuwa nimeisoma, lakini hilo sikuliona: jina la Soki lilikuwa mlio wa beseni tu. Maumivu yenyewe yalitoka kwenye mikono hii. Nilimfundisha kumwogopa Soki, na somo hilohilo likamfundisha kuniogopa mimi, na hofu hiyo ilikuwa imeingia ndani zaidi. Nikakaa chini kwenye udongo mbele yake, nikaficha mikono mgongoni. Nikamwambia, "Mama hatavuta tena." Akafungua jicho moja.

Sikwenda sokoni siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu nilipanda gari naye mpaka Beni. Tulipopita Kabasha alilala, kichwa chake dirishani, si kwangu.

Soki alikuwa kwenye mashine yake ya kushona, anamalizia uniforme za wanafunzi. Kasereka alikuwa ametoka. Nilimwomba jirani amshike Zawadi nje, nikasimama, nikamwambia yote. Kichanuo, dawa, jina lake, na kwamba nilijua ninachofanya. Hakunikatiza. Mguu wake ulikuwa bado kwenye pedali, mashine ikaenda peke yake kidogo, ikasimama.

"Juu ya nini umekuja kuniambia?"

"Juu na mimi ananiogopa sasa."

"Ah." Akavua foulard, akainama anionyeshe kichwa. "Nilikata yote. Nililia mbele ya kioo, nikasema haizuru, nywele inaota. Na weye ulikuwa unaniangalia." Nilidhani atanifukuza. Nilitaka anifukuze, ningepanda gari na kurudi nikimchukia. Akafunga foulard tena. "Hautaenda. Utabakia hapa. Ile ulifunga, utaifungua weye mwenyewe, na miye nitakuwa nakuona."

Jioni nilimwambia na Kasereka. Alitoka nje akakaa muda mrefu. Aliporudi alisema neno moja tu, na lilikuwa jina lako. Mpaka leo ananisalimia kwa kifupi.

Nilikaa Beni siku kumi na mbili, nikilala kwenye mkeka wa mwanamke niliyemwonea wivu. Nilikuwa nimebeba cours yako. Tulifuata ulivyoandika: kidogo kidogo, kitu cha kuogopesha mbali, kitu kitamu karibu. Kwanza Soki alikaa tu upande wa pili wa chumba, anashona, Zawadi anakula ndizi iliyoiva mapajani mwangu, mikono yangu ikiwa chini. Siku nyingine kiti kikasogea. Hakuna aliyetaja nywele. Zikasokotana, zikakaa kama kiota, majirani wakatuuliza kama hatuna mafuta nyumbani.

Siku ya tisa, Soki alikaa sakafuni, akavua foulard, akaweka kichanuo kati yake na mtoto. Kipana, cha meno makubwa. Akaendelea kuchagua vifungo. Zawadi alikitazama kwa muda mrefu. Halafu akakichukua, akamwendea kwa nyuma, akaanza kuchana zile nywele fupi zilizokuwa zinaota.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Pole. Nitaenda polepole."

Akaenda polepole, ulimi nje, kama wewe ulivyokuwa ukisahihisha mitihani. Kisha akakaa yeye mwenyewe kati ya magoti ya Soki, akamrudishia kichanuo.

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo, chini kabisa. Lakini juu yake kulikuwa na wivu mweupe, Yaya. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Mtoto alifumba macho, akaegemea. Kwangu alikuwa bado hajaegemea. Nikamwaga maji nje, nikachota mengine ambayo hayakuhitajika.

Aliegemea kwangu siku ya kuondoka, kwenye parking ya magari ya abiria. Alinishika shingo, akalia kwamba anataka kurudi na mimi, na kilio kile nimekileta mpaka Butembo kama zawadi, sioni aibu. Nilimshusha mwenyewe. Nilimpa Soki mkono wa mtoto, kidole kwa kidole. Gari halijaondoka na Zawadi tayari alikuwa anamwonyesha mbuzi aliyepanda juu ya magunia ya kakao, na wote wawili wanacheka.

Sasa nyumba ni kubwa. Ninauza vitunguu, namwona mtoto wa mtu mgongoni mwa mtu, nageuza uso. Kila baada ya siku mbili Soki ananipigia simu ili Zawadi aniongeleshe. Juzi nilisikia kwa mbali akimwita "Mama Soki", nikaiweka simu juu ya meza mpaka nikaweza kupumua. Mimi nimerudi kuwa Mama Mudogo. Ni haki. Ndivyo ulivyomfundisha.

Na Soki ana swali jingine kila akipiga. Anataka kukujua wewe. Mtoto anamuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, naye hana la kujibu. Basi ninampa. Mara ya kwanza nilimpa ulivyopenda chai ya tangawizi. Nikampa ulivyoogopa radi, mwalimu mzima, ukijificha chini ya blanketi. Kila ninachompa kinaniuma, kwa maana ulikuwa wangu kabla hujawa wa mtu yeyote, na sasa yeye hata wewe anakuchukua.

Limebaki lile jina, ulilokuwa ukimwita Zawadi sikioni kabla hajalala. Hakuna anayelijua isipokuwa mimi, kwa sababu nilikuwa chumba cha pili na ukuta ni wa mbao. Sijampa Soki. Jana aliniuliza, "Hakukuwa na jina ya kumubembeleza?" Nikamwambia sikumbuki.

Nakumbuka. Nitampa, Yaya, nakuahidi. Nitakwenda Beni mwenyewe, nitamwambia Soki sikioni kama ulivyokuwa ukisema, ili alitamke vizuri. Niachie tu siku chache nibaki nalo peke yangu.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Kanyere