Hatua Elfu Ishirini za Baba

Baba,

Nimewahi usaili wa kazi. Wali wa nazi umo sufuriani. Chota vijiko ~~viwili~~ vitatu, maana najua utadokoa tu.

Asubuhi jirani yetu Mak Cik Rohaya alikuja mbio: "Mzee wenu kashinda mtaa mzima kwenye mashindano ya kutembea! Simu inasema hatua elfu ishirini!" Nililia kwa furaha. Halafu nikaenda kumbadilisha Haziq nepi, nikaikuta simu yako chini ya mto wake, kwenye bembea ya springi inayomrusha juu na chini. Kumbe anayetembea ni mjukuu wako, na hata kutambaa hajui!

Baba, daktari alikuambia utembee kwa ajili ya moyo wako, si kwa ajili ya simu. Bado nakuhitaji. Jioni tutatembea wawili hadi mtoni, simu ibaki nyumbani.

Usimwamshe bingwa. Amechoka.

Binti yako mkubwa